Kusoma shahada ya fiziotherapia Tanzania: mwongozo kamili, kuanzia sifa za kujiunga hadi utarajali

Wengi huingia kwenye shahada hii wakiwa wamekosa nafasi ya udaktari, wakidhani wanakwenda kusoma kitu chepesi cha kukanda watu na kuwahesabia mazoezi. Mtihani wa kwanza wa anatomia huwazindua. Fiziotherapia husomwa kwa mikono kadiri inavyosomwa kwa kichwa, na anayekaa na makabrasha tu miaka miwili ya mwanzo hufika wodini akiwa na majibu mazuri mdomoni na vidole visivyojua vinagusa nini. Mwongozo huu unafuata njia ya mwanafunzi wa Tanzania, ingawa sehemu ya masomo yenyewe inamfaa pia anayesoma Kenya, Uganda au Rwanda.

Kabla ya kuomba

Shahada ni ya miaka minne. Moshi inatolewa na chuo cha KCMC, na Dar es Salaam inatolewa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Sifa rasmi za kila chuo ziko kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Soma toleo la mwaka unaoomba, usitegemee picha ya ukurasa inayozunguka WhatsApp. Kwa waliomaliza kidato cha sita, njia ya kawaida ni PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Alama huhesabiwa A kuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, kwa hiyo D tatu zinakupa 6. Lakini kufikisha kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba tu. Anayechaguliwa ni yule aliyewazidi wenzake, kwa sababu nafasi ni chache. Mwenye CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) aangalie kwanza kama chuo kinadai Fizikia. Kikiidai, Jiografia haiwezi kuziba pengo hilo hata ukiwa na A.

Njia ya pili ni stashahada. Mwenye stashahada ya fiziotherapia anaweza kuomba shahada, na kwa kawaida hutakiwa kuwa na wastani wa B au GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi kidato cha nne. Njia hii ni ndefu, lakini humleta chuoni mtu aliyekwisha shika wagonjwa, na tofauti huonekana mapema. Kozi za masaji za wiki kadhaa ni jambo jingine kabisa, hata cheti chake kikiandikwa jina la kuvutia. Hakikisha kozi yoyote ya stashahada inatambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla ya kulipa hata shilingi.

Upande wa Kenya, anayetoka KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) huomba kupitia KUCCPS, mfumo wa kupanga wanafunzi vyuoni, na JKUAT ni mojawapo ya vyuo vyenye shahada hii, huku KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, ikijulikana kwa stashahada.

Kuhusu mkopo: wanaokwama HESLB (bodi ya mikopo) mara nyingi hukwamishwa na karatasi. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA kwa Zanzibar, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho. Uhakiki huu ufanye kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kwa sababu likishafunguliwa nchi nzima inakimbilia mfumo uleule. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita. Kama yanatofautiana, anza kushughulikia kiapo cha majina mapema.

Vya kununua si vingi: goniometa ya plastiki (kipimo cha nyuzi za kiungo), futi ya kamba ya fundi cherehani, nyundo ndogo ya kupimia rifleksi, stetoskopu, koti jeupe, viatu vya chini visivyoteleza. Ongeza kaptura na fulana isiyo na mikono, maana kwenye maabara ya vitendo ninyi kwa ninyi ndio wagonjwa: mgongo, bega na paja vitaonekana. Anayevaa hijabu, au yeyote asiyependa kuvuliwa mbele ya darasa, aseme mapema apangiwe mwenza wa jinsia yake na pazia. Ni ombi la kawaida, na walimu wamelizoea. Kucha zikatwe fupi.

Mwaka wa kwanza: anatomia

Hapa ndipo sapu (mitihani ya kurudia) nyingi hutokea, na sababu yake ni namna ya kusoma. Mwanafunzi huchukua orodha ya misuli ya mkono, akaikariri kama mashairi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha swali linamkuta katikati ya orodha. Soma kwa kiungo. Chukua goti peke yake: mifupa gani inakutana, kano gani zinaishika, misuli gani inakunja, ipi inanyoosha, neva gani zinapita nyuma yake. Kwa kila msuli jaza mambo manne: unapoanzia, unapoishia, neva inayouendesha, na kazi yake. Ukijua unapoanzia na unapoishia, kazi huna haja ya kuikariri, kwa sababu msuli hauna ujanja mwingine zaidi ya kuvuta ncha zake zikaribiane.

Kisha ichore kwenye ngozi. Penseli ya wanja inatosha na inafutika kwa mafuta. Mwenzako akiwa ameketi, tafuta ncha ya bega, ukingo wa ndani wa bapa la bega, kona yake ya chini. Chora mipaka, halafu mwambie ainue mkono uone bapa linavyozunguka. Ukikosea kwa sentimita mbili kwenye mchoro wa karatasi hakuna anayejua, ila kwenye ngozi kosa linaonekana papo hapo mwenzako anapojisogeza. Dakika 30 za namna hii jioni, watu watatu, zinashinda usiku mzima wa kusoma peke yako kabla ya mtihani.

Neva zisome kwa ajali zake. Neva za mkono hutoka shingoni, C5 hadi T1 (namba za neva za uti wa mgongo), na mtandao wao kwenye karatasi unatisha. Badala ya kuanza na mchoro, anza na mtu: aliyevunjika mfupa wa juu wa mkono katikati, kisha kiganja chake kikalegea asiweze kukiinua. Hiyo ni neva ya radiali, kwa sababu inauzunguka mfupa huo kwa nyuma. Aliyelala vibaya akiwa amelewa, mkono ukiwa umening'inia kwenye mgongo wa kiti, anaweza kuamka na hali hiyohiyo. Ukishakuwa na ajali tano au sita za namna hii kichwani, mchoro wenyewe unaanza kueleweka.

Fizikia inarudi

Waliodhani wameiacha kidato cha sita hukutana nayo kwenye somo la mwendo wa mwili. Kilo 2 zikifungwa kifundoni, sentimita 40 kutoka goti, na mguu ukanyooshwa mbele ukiwa mlalo, kilo hizo zinaliongezea goti nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni-mita 8. Zisogeze hadi sentimita 20, zinakuwa 4. Uzito ni uleule na mgonjwa ni yuleyule, ila mzigo wa kilo hizo kwenye goti umepungua kwa nusu. Ndiyo maana kwa mgonjwa dhaifu unasogeza mahali pa kufunga uzito kabla hujaupunguza.

Swali la fimbo nalo huulizwa kila mwaka: kwa nini mwenye nyonga mbovu ya kulia ashike fimbo mkono wa kushoto? Akisimama kwa mguu wa kulia, misuli ya pembeni ya nyonga hiyo inapaswa kuzuia kiuno kisianguke upande wa kushoto. Misuli hiyo inavuta ikiwa karibu sana na kiungo, wakati uzito wa mwili uko mbali nacho, kwa hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo yote inakandamiza nyonga. Fimbo ya kushoto inasukuma kutoka mbali, hivyo msukumo mdogo unaokoa mzigo mkubwa. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, na wakati wa kushuka hutangulia mguu mbovu pamoja na fimbo.

Kupima

Hiki ndicho kiini cha shahada yote. Mtaalamu asiyepima hawezi kujua kama matibabu yake yanasaidia, na mwalimu anayesahihisha mtihani wa vitendo anaangalia vipimo kabla ya kitu kingine chochote.

Goniometa ina kitovu, mkono tuli na mkono unaotembea. Kwa goti, mgonjwa alale chali. Kitovu kiwe kwenye nundu ya nje ya mfupa wa paja, juu kidogo ya kiungo cha goti. Mkono tuli uelekee kwenye nundu kubwa ya nyonga, unaotembea uelekee kwenye kifundo cha nje cha mguu. Kawaida goti hukunja hadi kama nyuzi 135. Kiwiko hufika 150, nyonga kukunja 120, bega kuinuka mbele 180, na unyayo kuvutwa juu 20. Hesabu kosa la nyuzi 5 kama la kawaida. Kwa hiyo ukiandika kwamba mgonjwa ameongezeka kutoka 80 hadi 83, hujaonyesha kitu. Apimwe na mtu yuleyule, kwa mkao uleule.

Makosa yanayojirudia: kupima nyonga huku kiuno kikijiinua kitandani, ukadhani nyonga imekunja zaidi ya ilivyokunja, kupima unyayo goti likiwa limenyooka, msuli wa shavu la mguu ukakuzuia mapema, kisha ukaandika kwamba kifundo kimekakamaa. Kunja goti, pima tena. Nyuzi zikiongezeka, kilichofupika ni msuli wa shavu la mguu. Zisipoongezeka, tafuta chini zaidi, kwenye kifundo chenyewe au msuli wa ndani. Kipimo hicho kimoja kinabadilisha matibabu yote.

Nguvu ya msuli hupewa alama 0 hadi 5. Sifuri, hakuna kitu. Moja, unahisi msuli ukishtuka chini ya kidole lakini kiungo hakisogei. Mbili, kiungo kinakwenda safari yake yote pale tu uzito wake ulipoondolewa. Tatu, kinapanda dhidi ya uzito wake chenyewe. Nne, kinastahimili kizuizi kiasi. Tano ni nguvu kamili. Kwa msuli wa mbele wa paja, alama ya 2 utaipima mgonjwa akiwa amelala ubavu na mguu umeegemezwa, na alama ya 3 akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiunyoosha mguu unaoning'inia. Kosa kubwa ni kuanza na kizuizi: anza na 3, kisha panda au shuka.

Mwili wa mgonjwa hudanganya bila yeye kukusudia. Ukipima misuli ya pembeni ya nyonga akiwa amelala ubavu, ataviringika nyuma kidogo na kuinua mguu kwa misuli ya mbele, nawe utampa 4 asiyostahili. Mkono wako mmoja ukae kiunoni umshikilie. Amri nayo iwe ya kueleweka. Ukimwambia mama mtu mzima maneno ya kitabuni atakutazama tu. Mwambie: "Mama, kaza hapohapo, usikubali nikushushe." Anza na upande mzima siku zote, ajue unachotaka, nawe ujue nguvu yake ya kawaida.

Maumivu kwa kiwango cha 0 hadi 10 huwachanganya wazee wengi. Uliza kwanza yakoje: yanachoma, yanavuta, yanapwita, ni ganzi, ni kama moto? Yanashuka mguuni hadi wapi? Usiku yanamwamsha? Halafu ndipo utafute namba, na kama namba haipatikani, andika anachoshindwa kufanya: kuchuchumaa chooni, kuinuka kwenye sijda, kubeba ndoo. Vitu hivyo vinapimika wiki ijayo.

Vifaa vya umeme havihitaji maneno mengi. Kabla ya kuweka joto lolote, pima hisia za ngozi kwa mirija miwili, wa moto na wa baridi, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asiyetofautisha, kama baadhi ya wenye kisukari, ataungua na hatakwambia. Pakiti ya moto hukaa dakika 15 hadi 20 ndani ya tabaka za taulo, na ngozi inakaguliwa katikati ya muda. Kichwa cha mashine ya ultrasaundi kisisimame sehemu moja. Mashine ya TENS, ya kutuliza maumivu kwa umeme, haiwekwi kwa mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Na jifunze tiba ya mikono na mazoezi vizuri kuliko mashine, maana ziko hospitali ambako mashine imeharibika tangu zamani na umeme wenyewe haueleweki.

Mtihani wa vituo

Kila kituo kina dakika chache, kengele inalia, unahama. Wanaofeli mara nyingi wanaijua kazi, ila wanaanza katikati. Nawa mikono, salimu (mzee apate shikamoo yake, hata akiwa mwigizaji), jitambulishe, eleza unachotaka kufanya, omba ruhusa, uliza panapouma kabla hujagusa. Hizo ni alama za bure. Fanyeni mazoezi watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja mtaalamu, wa tatu ana saa na orodha ya kusahihishia. Zungukeni. Anayekaa na orodha ndiye anayejifunza zaidi, ajabu ni kwamba kiti hicho hakigombewi.

Wodini

Fika ukiwa umesoma faili. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa mfupa, jambo la kwanza kutafuta ni agizo la uzito: haruhusiwi kukanyaga kabisa, akanyage kidogo, au akanyage kadiri awezavyo. Kama daktari hakuandika, uliza, usibahatishe. Angalia shinikizo la damu na mapigo kabla ya kumsimamisha mtu aliyelala siku nyingi: mketishe ukingoni kwanza, ngoja, muulize kama anaona kizunguzungu. Shavu la mguu lililovimba upande mmoja, lenye joto na maumivu, halikandwi. Linaripotiwa, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda ndani.

Kwa aliyepata kiharusi, linda bega la upande uliolegea tangu siku ya kwanza. Ndugu humwinua kwa kumvuta mkono au kumkwida kwapani, na bega linateguka taratibu. Waonyeshe kumsaidia kwa kushika kiuno na bapa la bega, kisha waambie wakuonyeshe wao. Ndugu anayelala na mgonjwa ana saa nyingi naye kuliko wewe mwenye dakika 30.

Kwa mtoto mwenye mguu kifundo (unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa), utakutana na njia ya Ponseti: plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, kisha wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, halafu viatu vyenye upau kwa saa 23 kila siku kwa miezi 3, na baadaye usiku tu hadi miaka 4 au 5. Mguu ukirudi kupinda, sababu ya kawaida ni viatu kuachwa mapema kwa kuwa mguu tayari unaonekana mzuri. Kazi yako kubwa hapo ni kuongea na mama, na bibi pia kama ndiye anayekaa na mtoto.

Maumivu ya mgongo yana milango ambayo hupaswi kuipita bila kuchungulia. Ganzi sehemu za kukalia, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, miguu kuishiwa nguvu haraka: mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na uvimbe mdogo wenye kona katikati ya mgongo: fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo kabla ya kumpa mazoezi yoyote.

Andika kila kikao kwa mpangilio uleule: aliyosema mgonjwa, uliyopima, unavyoielewa hali, utakachofanya. Neno "mazoezi yametolewa" halimsaidii mtu yeyote. Andika: kuinuka kwenye kiti bila mikono, mara 8, seti 3, kupumzika dakika 1 kati ya seti, siku moja afanye, inayofuata apumzike, akifika mara 12 bila kuchoka, ashike chupa ya maji ya lita 1.5, ambayo ni kilo moja na nusu bila kununua chochote.

Utafiti wa mwisho

Chagua swali dogo linalojibika kwa wagonjwa waliopo kwenye idara uliyopangiwa. Kinachochelewesha watu ni kibali cha maadili: kamati hukutana kwa ratiba yake, hurudisha andiko lenye marekebisho, na wiki zinapita. Andiko liwe limekamilika kabla ya likizo inayotangulia mwaka wa nne. Na dodoso liandikwe kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa watu wachache kwanza, maana swali lisiloeleweka hugunduliwa wakati tayari umejaza fomu 60.

Utarajali na karatasi

Baada ya miaka minne kuna mwaka wa utarajali hospitalini, chini ya usimamizi, kabla ya usajili kamili na leseni. Omba kupangiwa hospitali yenye wagonjwa mchanganyiko: mifupa, mishipa ya fahamu, watoto na wagonjwa mahututi. Utarajali wa mwaka mzima kwenye maumivu ya mgongo tu unakuacha nusu. Kenya usajili ni kwa baraza la fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Kama una nia ya kufanya kazi Oman, Qatar au Imarati siku moja, karatasi zako zitahakikiwa na DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, kwa kuandikiwa chuo na mwajiri wako moja kwa moja. Uingereza msajili ni HCPC, baraza la wataalamu wa afya. Huko wataulizia maelezo ya kila somo na saa za mafunzo ya vitendo kwa kila eneo, na kuyatafuta miaka mitano baada ya kuhitimu ni mateso. Kabla hujaondoka chuoni, chukua mtaala kamili wenye saa, daftari la mafunzo ya vitendo lenye mihuri na saini, na barua ya chuo inayojumlisha saa hizo. Vipige picha vyote na kuvihifadhi mahali pawili.